Baba yangu na nusu kilo ya korosho

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita tulikuwa kijijini, wilayani Ruangwa, kwa misa ya arobaini ya baba yangu mzazi. Naomba leo unipe nafasi nimzungumzie. Kila mtu ana baba, na wengi wenu mmewazika wa kwenu, kwa hiyo sisemi kwamba msiba wangu ni mkubwa kuliko wa wengine. Nasema kwa sababu kuna jambo lilitokea siku ya maziko ambalo limeninyima usingizi tangu siku hiyo.

Siku ya maziko ulisomwa wasifu wa marehemu. Unajua zinavyokuwa. Alizaliwa mwaka 1941 karibu na Nachingwea, mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Akabatizwa, akasoma hadi darasa la nane, akafunga ndoa, akajaliwa watoto sita. Alifanya kazi katika chama cha ushirika. Kisha ikafuata habari ya presha, ya miguu kuvimba, ya hospitali ya kwanza na ya pili, ya kupewa rufaa, ya hali kubadilika usiku. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wanane.

Wasifu ule niliuandika mimi mwenyewe, usiku wa kuamkia maziko, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nje ya nyumba. Nilipomsikia msomaji akiusoma ndipo nilipohesabu. Ugonjwa wa miezi minne nilikuwa nimeupa mistari minane. Kazi ya miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimeipa maneno sita.

Baada ya wasifu, mshereheshaji aliuliza kama kuna jirani mwenye neno. Akasimama mzee mmoja wa Kiislamu, kanzu imechoka, mkongojo mkononi. Mimi sikumfahamu. Alisema hivi, na nayaandika kadiri ninavyoyakumbuka: "Mimi ni mtu wa kushuku. Huyu bwana alipokuja kuwa karani wa mizani, nilikuwa kila gunia langu nalipima kwanza kwenye mizani ya dukani, kwa siri, ndipo nampelekea. Msimu wa kwanza haikupungua. Msimu wa pili haikupungua. Siku moja aliandika nusu kilo zaidi ya ile ya dukani, nikajua leo nimempata, kakosea. Kumbe iliyokosea ni ya dukani. Nikaacha kupima. Miaka kumi na tano nimemuuzia korosho bila kupima. Hayo tu." Akakaa.

Watu waliguna kwa kukubali, maana wote walijua. Pale kijijini walikuwa wakimwita Mzee Nusu, kwa sababu hakuna karani mwingine aliyekuwa akiandika nusu kilo. Wengine walikata. Gunia likiwa na kilo 81 na nusu, mkulima aliandikiwa 81, na ile nusu ikawa ya upepo. Mimi jina hilo nililichukia tangu nikiwa mtoto, kwa sababu shuleni waliniita Mtoto wa Nusu.

Tukitaja Nachingwea leo, watu wanakumbuka mambo mawili. La kwanza ni mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na kwetu, ukala zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza, ukafutwa mwaka 1951. La pili ni kambi ya FRELIMO, ambako Samora Machel aliwafundisha wapiganaji waliokwenda kuikomboa Msumbiji, ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Ni mambo makubwa na yanastahili kukumbukwa. Babu yangu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki katika ule mradi wa karanga, na baba yangu alikua akicheza kandokando ya matrekta na ya reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Reli yenyewe iling'olewa baada ya uhuru. Baba alikuwa akisema kuhusu wale mabwana kwamba walihesabu kabla ya kupima. Nadhani ndiyo sababu alipenda mizani kiasi kile. Alikuwa ameona kwa macho yake ya utoto nini hutokea watu wenye akili nyingi wanapokadiria.

Alianza kazi mwaka 1963, mwaka uleule ambao jimbo letu la Kanisa lilianzishwa kwa jina la Nachingwea, kabla ya kuitwa Jimbo la Lindi mwaka 1986. Kwanza alikuwa chini ya chama cha msingi. Baadaye, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, akawa karani chini ya kijiji. Alianza na ratili, na nchi ilipohamia kilo yeye ndiye aliyewaketisha wakulima chini ya mwembe kuwaeleza kwamba korosho zao hazijapungua, ni hesabu tu iliyobadilika. Wengi hawakumwamini mara moja, na mimi siwalaumu.

Kama hujawahi kusimama kwenye ghala la korosho, acha nikueleze mahali wizi unapokaa. Haukai pamoja. Upo kwenye mizani yenyewe, ile ya rula, ambayo kabla ya kupima ni lazima irudi sifuri, na karani mvivu au mjanja haangalii sifuri. Upo kwenye uzito wa gunia tupu, maana gunia la katani lina kama kilo moja, na anayekata kilo mbili amekula kilo moja bila kelele. Upo kwenye daraja, maana mkono wa mtu ndio unaosema korosho hizi ni daraja la kwanza au la pili. Na upo kwenye neno moja zuri sana, unyaufu. Korosho ikikaa ghalani inakauka na kupungua uzito, na hilo ni kweli. Lakini unyaufu umebebeshwa mizigo ambayo si yake. Gunia lililopanda gari lingine usiku linaitwa unyaufu. Nusu kilo za wakulima mia tatu zinaitwa unyaufu.

Baba aliwabana wakulima vilevile, nisije nikakupa picha ya mtakatifu wa kila mtu. Aliyelowesha korosho au kutia mawe chini ya gunia alimwagiwa gunia lake hadharani, juu ya turubai, mbele ya wakwe zake kama walikuwepo. Alimfanyia hivyo hata mdogo wake wa damu, nao wakakaa miaka miwili bila kusalimiana. Nyumbani alikuwa mkali na mchache wa maneno. Sikumbuki hata siku moja aliyoniambia nimefanya vizuri. Mama yetu alizoea kutuambia, akicheka lakini hachekeshi, "Uaminifu wa baba yenu niliupika mimi." Alikuwa na maana kwamba mwezi ambao wake za makarani wengine walikuwa wakila wali, yeye alikuwa porini anachimba ming'oko.

Msomaji, sasa nifike kwenye lile ambalo lilinitenga na baba yangu kwa muda mrefu.

Mwaka 1985 nilimaliza darasa la saba, nikachaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, mbali. Ilikuwa miaka mibaya kwa korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa imevuna kama tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Bei ilikuwa ndogo, watu walikuwa wamehamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali porini, na ubwiriunga ulikuwa unakausha maua kabla hayajawa korosho. Ghala lililozoea kujaa hadi mlangoni lilikuwa na popo. Na mavuno yakipungua, wanaoishi kwa kukata hukata zaidi. Mkubwa mmoja, ambaye sitamtaja yeye wala ofisi yake, alimwambia baba aanze kukata kilo mbili kwa kila gunia, aziite unyaufu, na kwamba yeye baba angepata sehemu yake. Baba alisema hapana. Akaambiwa afikirie. Akafikiria kwa muda wa kunywa maji, akasema hapana tena. Kabla ya mwezi kwisha aliambiwa akapumzike, na karani mwingine akaletwa.

Karatasi ya shule ilikuwa imeorodhesha ada, nauli, sanduku, blanketi, shuka mbili, viatu vyeusi na godoro. Niliripoti nikiwa nimechelewa wiki tatu, nina kila kitu isipokuwa godoro. Muhula mzima nililala juu ya mkeka uliotandikwa kwenye chaga za kitanda cha chuma. Asubuhi mgongo wangu ulikuwa na mistari, na wenzangu waliipa mistari ile jina ambalo sitaliandika kwenye gazeti la Jumapili. Nililala pale nikifanya hesabu ya kitoto: kilo mbili, mara magunia mangapi, ni sawa na godoro moja? Nikaona ni machache sana. Nikamchukia baba kwa bei rahisi namna ile.

Chuki ile ilikuja kuzaa. Miaka mingi baadaye, nikiwa na kazi Dar es Salaam, mwezi wa sita mmoja nilimtumia baba shilingi laki tatu ili aninunulie korosho kwa kangomba. Kwa ndugu zangu wa mikoa mingine, kangomba ni ununuzi wa magendo kabla ya msimu. Mkulima anahitaji fedha ya salfa ya kupulizia mikorosho, au mtoto anaumwa, basi unampa fedha leo kwa korosho ambazo bado ni maua, na zikikomaa unazichukua kwa bakuli. Bakuli linaitwa kilo, lakini linabeba zaidi ya kilo, na bei yake ni ndogo kuliko nusu ya ile ya mnadani. Kila mtu alikuwa anafanya, nikajiambia. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wanafanya. Hata wazee wa kanisa.

Baba alizirudisha fedha zote kwa simu siku ileile, laki tatu kamili. Makato ya kutuma alilipa yeye kutoka mfukoni mwake, na wakati huo alikuwa mzee asiye na pensheni anayeishi kwa mikorosho yake mwenyewe. Hakunipigia wala hakunilaumu. Kwa miaka mingi nimetamani angenitukana.

Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawaelezea wafanyabiashara wa Israeli wanaoketi ibadani huku wakihesabu saa, wakisubiri Sabato iishe ili wafungue ghala, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Tukiisoma sura hiyo tunawawaza watu waovu wa zamani. Mimi nikiisoma najiona mwenyewe, nimevaa shati jeupe, nimekaa benchi la tatu, simu imetetemeka mfukoni na ujumbe kutoka Ruangwa. Walikuwa watu wa ibada, wale. Amosi hakuwakuta baa.

Na hapa naomba nizungumze na wachungaji, mapadre, makatekista na wazee wa kanisa, kwa heshima zote. Ni mara ngapi umesikia mahubiri juu ya zaka? Ni mara ngapi umesikia mahubiri juu ya mizani? Mambo ya Walawi 19 inaagiza mizani ya haki na vipimo vya haki katika sura ileile inayoagiza kumpenda jirani, na sidhani kama ukaribu huo ni wa bahati mbaya. Lakini sisi tumeichukua ile ya jirani tukaiweka kwenye nyimbo, na ile ya mizani tukaiachia Wakala wa Vipimo. Nimehudhuria harambee ya ujenzi wa kanisa ambako mnunuzi mkubwa wa kangomba alitoa mifuko hamsini ya saruji, akapigiwa vigelegele, akaketishwa mbele. Nyuma kabisa walikaa wale ambao bakuli lake lilikuwa limewapitia, nao walitoa shilingi mia tano mia tano. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilipiga makofi.

Utaniambia mambo yamebadilika. Kweli yamebadilika. Tangu mwaka 2007 tuna stakabadhi ghalani, na kwetu chama kikuu ni RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mwaka 2018, wakulima walipozikataa bei za minada, serikali ilitangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia vijijini, na maofisa wakapita kuhakiki nani ana shamba na nani ana bakuli. Siku hizi kuna mizani ya kidijitali na minada ya mtandaoni. Baba aliyaona haya yote na aliyapenda. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 wakulima walipokuwa bado wakimwita aje asimame tu karibu na mizani, bila malipo, msimu unapofunguliwa. Nilipomwambia kwamba mizani mipya haiwezi kudanganya, alinijibu kwamba hata ile ya zamani haikuwahi kudanganya, ilikuwa inashikwa tu na watu. Ile ya rula kwake haikuwa na kosa lolote.

Najua pia swali ambalo baadhi yenu mnalo, kwa sababu ni langu. Je, alikuwa na haki ya kuwa mwaminifu kwa mgongo wa mtoto wake? Na kwa mikono ya mke wake iliyokuwa ikichimba ming'oko? Sitaki kulipita haraka. Kuna watu waaminifu ambao gharama ya uaminifu wao hulipwa na wengine, nao wakapokea sifa peke yao. Kwa muda mrefu niliamini baba ni mmoja wao, kwamba jina la Mzee Nusu lilimpendeza kuliko sisi. Sikuwahi kumuuliza. Kwetu mtoto hamuulizi baba yake maswali ya namna hiyo, na nilipofikia umri wa kuweza kumuuliza, yeye alikuwa amefikia umri wa kusikia kwa taabu.

Jumapili iliyopita, baada ya misa na chakula, ndugu walipoanza kutawanyika, mama alinipa sanduku la bati la baba. Ndani yake kulikuwa na kadi ya uanachama wa chama cha msingi, rozari, miwani ya mguu mmoja, na daftari la kaunta lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Nilidhani ni hesabu za korosho. Yalikuwa ni madeni. Siyo aliyowadai watu, ila yale waliyomdai yeye. Kila mstari una tarehe, jina la mtu na uzito. Kilo moja na robo, alikosea kusoma rula wakati mvua inanyesha. Kilo kumi na nne, aliandika jina la mtu katika gunia la mwingine. Kilo mbili, na hapa ameandika kwa mwandiko mdogo kuliko kawaida, "nilikata kwa hasira". Mistari karibu yote imekatwa kwa rula, na pembeni imeandikwa namna deni lilivyolipwa: fedha, mahindi, kuku, siku mbili za kupalilia. Mmoja alilipwa baada ya miaka sita kwa watoto wake, mwenyewe akiwa ameshakufa.

Zakayo katika Luka 19 alipanda mti, akashuka, akaahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, na Yesu akatangaza kwamba siku ile wokovu umefika nyumbani mwake. Siku zote nilipomsoma Zakayo nilijiuliza kama alirudisha kweli, maana Injili haisemi. Sikuwa nikijua kwamba nyumbani kwetu kulikuwa na daftari.

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una mistari mitano. Minne imekatwa. Mmoja haujakatwa, na wino wake ni wa zamani kuliko ya mingine, kwa hiyo nadhani alikuwa akiuhamisha kutoka ukurasa hadi ukurasa kila ulipojaa. Tarehe ni ya Januari 1986. Halafu jina langu, lile la nyumbani ambalo yeye na mama tu ndio waliolitumia. Halafu pale ambapo kwa wengine kuna kilo, ameandika godoro.

Nilimpa mama asome. Alisoma polepole, akakunja daftari, akalifungua tena. Akaingia ndani, akarudi na kalamu na ile rula ya baba ya mbao, akaniambia nikate. Mkono ulinitetemeka kidogo na mstari haukunyooka. Nilikata.